Kasha, Mkunjo na Picha Mama

Fundi alitamka neno moja tu la Kireno, na bibi akaivuta fleshi yake kutoka mezani akaifumbata. Tulikuwa Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado nchini Msumbiji, katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya simu. Fundi alikuwa amesema, "Bibi, kwanza lazima tubadili formato." Bibi akasikia formatar. Na huko, kama ilivyo ng'ambo ya Ruvuma, Mtwara na Lindi, kufomati ni kufuta. Fleshi iliyofomatiwa hurudi tupu, simu iliyofomatiwa hupoteza majina ya watu wote.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hii ni harusi ya binti yangu. Nyingine sina."

Harusi yenyewe ilikuwa ya kabla ya Machi 2021, mji uliposhambuliwa na watu wakatawanyika, wengine kwa mashua, wengine kwa miguu porini, hadi Pemba ya huko huko Msumbiji, hadi Tanzania. Wamo ndani ya video iliyo kwenye fleshi ile watu ambao bibi hajawaona tena. Mjukuu wake alikuwa akitengeneza albamu ya familia kwa PowerPoint ya mwaka 2003, akipanga picha, maandishi na sauti ukurasa kwa ukurasa. Vitabu vyetu huziita programu za namna hii za medianuwai, neno lililotulia vizuri mdomoni. Kompyuta aliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani: Pentium 4, kumbukumbu ya megabaiti 512, Windows XP. Programu iliikataa video. Walipoifungua kwa programu nyingine, VLC, ilifunguka, lakini vigelegele viliendelea huku bibi harusi ameganda mlangoni, mguu mmoja hewani.

Kazi yangu ni kutafsiri, na miaka mingi nimekuwa nikizitafutia programu za kompyuta maneno ya Kiswahili. Katika orodha zetu, neno la kile alichokisema fundi ni umbizo. Si neno baya. Limezaliwa na umba, na umbo ni ndugu yake. Lakini nilipomweleza bibi kwamba tunabadili umbizo tu, alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ya mbali. Nikajiuliza mimi mwenyewe nilichokuwa nikisema. Formato, fomati, umbizo: neno moja limebebeshwa vitu vitatu, na mwenye kompyuta mpya hana haja ya kuvitenganisha. Mashine ya zamani ndiyo inayotulazimisha kuuliza ni kipi kati ya vitatu kinachoishinda.

Cha kwanza ni kasha. MP4, AVI na MKV ni makasha. Ndani yake zimo picha, imo sauti, yamo maandishi ya tafsiri kama yapo, na hesabu ya wakati inayofanya mdomo wa mwimbaji uende sawa na wimbo. Herufi zile za mwisho wa jina la faili ni maandishi ya juu ya kasha tu, hazikuambii kilichomo kimekunjwa vipi. Kasha la AVI, lililotolewa na Microsoft mwaka 1992, linaweza kubeba kitu ambacho kompyuta ya mwaka ule isingekifungua kamwe. Nalipenda neno hili pia kwa asili yake. Linatokana na caixa la Kireno, na pwani yetu imelimiliki siku nyingi pamoja na meza, leso, bendera na parafujo. Wazee wamehifadhi nguo na dhahabu makashani, na watu wa bandari leo huyaita makasha yale mabati marefu ya shehena. Fundi wa Palma anayesema caixa na fundi wa Mikindani anayesema kasha wanatamka karibu neno lile lile. Si kila neno lina bahati hiyo: mwani wa Unguja hulimwa na kuanikwa, lakini kwa Wamwani wa Ibo na Mocímboa da Praia neno hilo ndiyo pwani yenyewe, na ndilo lililoipa lugha yao jina.

Cha pili ndicho kilichotushinda siku ile, nacho ni namna picha zilivyobanwa ili zienee ndani ya kasha, kisha zirudishwe kuwa picha wakati wa kutazama. Kuipa jina namna hiyo nilifikiria king'amuzi, neno zuri lililotokana na kung'amua. Lakini tangu mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilipoanza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012, king'amuzi kimekuwa kile kiboksi kilicho chini ya runinga, na neno likishaingia sebuleni halitolewi. Kisimbuzi nacho kimefuata njia ile ile. Mimi nimechagua mkunjo, kwa sababu ya sarufi. Kiswahili kina kiambishi kinachorudisha tendo nyuma: funga na fungua, ziba na zibua, fumba na fumbua. Kunja na kunjua ni jozi ya aina hiyo, na kila mtu wa pwani ameona tanga likikunjwa na kukunjuliwa. Ukimwambia, "Video hii imekunjwa sana, kompyuta yako haina nguvu ya kuikunjua kwa wakati," huhitaji kuongeza neno.

Tukae hapa kidogo, maana ndipo penye siri. Video ya harusi ina picha 25 kwa sekunde. Ukuta haubadiliki, mkeka haubadiliki, kinachosogea ni mikono ya wapiga ngoma na shela la bibi harusi. Basi mkunjaji huhifadhi picha moja kamili, kisha kwa zinazofuata huandika tofauti tu: hiki kimesogea hapa, kile kimekwenda pale. Ile picha kamili mimi naiita picha mama, na zile zinazoitegemea ni picha wana. Mkunjo wa MPEG-1, uliochapishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1993, hufanya hivyo kwa namna nyepesi. H.264, ya mwaka 2003, iliyoikunja video ya bibi, huwatafuta jamaa wa picha katika picha nyingi zaidi, mbele na nyuma, huigawa picha vipande vidogo zaidi, na hukisia mengi kabla ya kuandika lolote. Ndiyo maana faili lake huwa dogo. Lakini kazi yote iliyookoa nafasi hurudi kama hesabu siku ya kukunjua, na Pentium 4 ilipewa hesabu hiyo mara 25 kila sekunde, kwa picha ya pikseli 1920 kwa 1080. Ikabaki nyuma. Sauti, ambayo ni nyepesi, ikaendelea na safari.

Pikseli hizo ndizo zinazotuleta kwenye cha tatu: vipimo. Hapa nina uchungu. Wingi wa pikseli za picha nimeona ukiitwa azimio katika menyu za programu zaidi ya moja. Azimio ni jambo ambalo watu wameketi wakaliamua, kama Azimio la Arusha la 1967. Mtafsiri aliona neno la Kiingereza lenye maana mbili akachukua isiyohusika, na sasa kijana anaombwa achague azimio la video. Semeni ukubwa wa picha. Semeni pikseli ngapi kwa ngapi. Kiswahili hakipungukiwi na heshima kwa kusema jambo waziwazi.

Kuhusu uamuzi wenyewe, wa kuihamishia video mkunjo upi, hatukubishana sana. PowerPoint ile haikunjui video yenyewe. Huiomba Windows, tofauti na VLC ambayo huja na vikunjuzi vyake ndani. Windows XP hujua kukunjua MPEG-1 bila kuongezewa kitu. MPEG-2 ya DVD haijui mpaka iwekewe kikunjuzi kutoka nje. Fundi alitaka WMV, ambayo XP inaijua pia na hutoa picha safi zaidi kwa ukubwa ule ule wa faili, na alikuwa na hoja. Mimi nilitaka MPEG-1 kwa sababu albamu ya familia hubebwa kutoka mashine moja hadi nyingine, na mkunjo huu ni nadra kukuta kompyuta isiyoufungua. Tukafuata vipimo vya VCD: pikseli 352 kwa 288, kilobiti 1150 za picha na 224 za sauti kwa kila sekunde. Saa nzima kwa vipimo hivyo ni kama megabaiti 620. Mjukuu alihitaji dakika ishirini tu.

Bibi harusi akaingia mlangoni, mguu ukakanyaga chini.

Lakini bibi, aliyekuwa ameinama karibu na skrini, akauliza hina imekwenda wapi. Katika video ya asili maua ya hina yalionekana kwenye vidole. Katika nakala yetu mikono ilikuwa na weusi tu. Hapo neno langu likapwaya. Leso ukiikunja kisha ukaikunjua inarudi nzima, na nyuzi zake zote. Video ikikunjwa namna hii hupunguzwa, kilichoachwa hakirudi, na ukiikunja tena kutoka kwenye nakala hupungua tena. Tangu siku ile naandika mkunjo timilifu kwa ule unaorudisha kila kitu, na mkunjo pungufu kwa huu wa video, na sikubali mhariri anifutie kivumishi. Bibi aliposikia kufuta ndani ya formato hakuwa amekosea kama tulivyodhani.

Tukaiacha video ya asili kama ilivyokuwa. Nakala ikabaki kwenye kompyuta ya mjukuu, na fundi akaandika jina lake kwa herufi kubwa: HARUSI PUNGUFU. Bibi akaipokea fleshi, akaifunga pindoni mwa leso mafundo mawili, akauliza kama kompyuta ya kuonyesha hina inapatikana Pemba.