Mashine Anayoijua Fundi

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, kando ya Ziwa Victoria. Kilichotoka katika kikao hicho kinafundishwa mpaka leo katika vipindi vya historia kwa jina la Azimio la Musoma: ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani, na kijana aliyemaliza kidato cha sita aonje kazi kwanza kabla ya kubisha hodi chuo kikuu. Kwa siku chache mji mdogo wa wavuvi na makarani ulikuwa kitovu cha siasa za nchi.

Mwaka huohuo serikali ilitoa amri nyingine ambayo haikuimbiwa na kwaya yoyote. Amri hiyo ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Rais aliyekuwa madarakani, Mwalimu Nyerere, alikuwa mwana wa Butiama, mwendo mfupi tu kutoka ukumbi wa Musoma. Kwa hiyo mwaka 1974 mkoa wao, Mara, ulitoa mambo mawili kwa pamoja: ahadi kwamba kila mtoto atajua kusoma, na mkono uliofunga mlango wa mashine ambayo miaka ishirini baadaye watoto hao wangetakiwa kuijua.

Amri ile haikutokana na uoga wa mambo mapya. Ilitokana na hasara. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilikuwa ICT 1500. Nembo ilikuwa ya Uingereza, lakini mashine yenyewe ilikuwa ya kampuni ya Marekani, RCA, iliyoiuza kwao kwa jina la 301. Baadaye zikaja mashine za familia ya 1900, ambazo usanifu wake ulitokana na mashine ya Kanada, na programu zilizoandikwa kwa ajili ya ile ya kwanza hazikuweza kufanya kazi kwenye hizi. Waliozielewa walikuwa wageni, na wageni mkataba ukiisha huondoka. Hesabu za serikali zikavurugika. Ikumbukwe pia kwamba miaka ya 1973 na 1974 ilikuwa ya ukame na ya mafuta yaliyopanda bei. Fedha za kigeni zilihitajika kununua chakula. Mashine ghali, isiyojulikana na mtu wa nyumbani, ilikuwa kitu rahisi kukikata.

Hapo ndipo penye mzizi wa historia yote ya kompyuta Mara. Hazina haikushindwa kwa sababu ilichagua mashine mbaya. Ilishindwa kwa sababu ilinunua mashine isiyokuwa na fundi.

Mlango ulipokuwa umefungwa, nje kulikuwa na vita. Mwaka 1977 Marekani iliona Apple II. Agosti 1981 IBM ikatoa kompyuta yake binafsi, kwa bei iliyoanzia dola 1,565, ikiwa na kichakato cha Intel na mfumo endeshi wa Microsoft. Januari 1984 Apple ikajibu kwa Macintosh, yenye kipanya na picha ndogo za kubofya, kwa dola 2,495. Huko Uingereza shule zilifundishia BBC Micro, na vijana wa Ulaya waligawanyika kati ya Commodore, Sinclair na Amstrad kama watu wanavyogawanyika kati ya Simba na Yanga. Kila mashine ilikuwa na kaseti zake, diski zake na washabiki wake, na programu ya hii haikuingia katika ile.

Musoma haikupiga kura katika vita hivyo. Ofisi zake ziliendelea na mashine ya chapa, Olympia au Olivetti, na karani alipotaka nakala mia za mtihani alikata stensili na kuzungusha saiklostaili mpaka wino ukamfika kwenye viwiko. Lakini kuna jambo moja ambalo vyuo vya uhazili vililifanya bila kujua. Viliwafundisha maelfu ya wasichana na wavulana kupiga chapa bila kutazama vidole, kwenye herufi zilizopangwa kwa mtindo uleule wa Q, W, E, R, T, Y. Siku kompyuta ilipofika, nusu ya kazi ya kuijua ilikuwa imekwisha kufanywa.

Mlango haukufunguliwa kwa kishindo. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha za kigeni mikononi kuingiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi, na maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakaanza kupata rangi. Kompyuta chache ziliingia kwa ruhusa maalumu, nyingi zikienda kwenye mashirika ya umma, vyuo na miradi ya wafadhili. Marufuku yenyewe ilikuja kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1994 Watanzania Bara walianza kutazama televisheni ya kwao. Mwaka uliofuata, Agosti 1995, Microsoft ilitoa Windows 95.

Tarehe hizo zina maana kubwa kuliko zinavyoonekana. Mara iliingia sokoni wakati vita vilikuwa vimekwisha na maiti zimezikwa. Commodore ilikuwa imefilisika mwaka 1994. Sinclair na BBC Micro zilikuwa vitu vya dari. Macintosh ilikuwa hai, lakini ilikuwa ya wachapishaji wa vitabu na wasanifu wa matangazo. Kijana wa Bunda, mkoani Mara, aliyeona kompyuta kwa mara ya kwanza mwaka 1997 hakujua kwamba kuna aina. Alijua kompyuta.

Na kompyuta hiyo ilishinda kwa sababu inayoeleweka vizuri zaidi Bunda kuliko California. IBM ilitengeneza mashine yake kwa haraka, ikanunua vipande kwa wengine, na ikamwachia Microsoft haki ya kuuza mfumo endeshi kwa yeyote. Kampuni ya Compaq ikaiga sehemu pekee iliyolindwa kwa hakimiliki ya IBM na kuitangaza mashine yake Novemba 1982. Baada ya hapo kila mwenye karakana Taiwan alikuwa na kompyuta yake. Matokeo yake ni kwamba kumbukumbu ya mashine moja iliingia kwenye nyingine, kisanduku cha umeme cha hii kikafaa ile, kibodi yoyote ikakubali. Apple ilifunga kila kitu kwa skrubu zake. Aliyeharibikiwa na Macintosh alilazimika kumrudia Apple.

Sasa mtu aipime tofauti hiyo akiwa Musoma, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam. Kipuri kinatoka Mwanza, takriban kilomita 220, kikiwa kimefungwa kwenye gazeti na kukabidhiwa kwa kondakta wa basi. Umeme unakatika na kurudi kwa nguvu isiyotarajiwa. Vumbi la kiangazi linaingia kwenye feni. Katika mazingira hayo mashine bora ni ile ambayo ikifa, mashine nyingine tatu zilizokufa zinaweza kuichangia viungo. Kwenye meza ya fundi yeyote wa barabara ya Mwanza kwenda Sirari huonekana ushahidi: masanduku yaliyofunguliwa ubavu, rundo la kumbukumbu kwenye kopo la maziwa, na mabaki ambayo hakuna anayethubutu kuyatupa.

Fundi huyo ndiye aliyechagua. Mteja alikuja na pesa na swali moja: kompyuta gani nzuri? Jibu lilikuwa ile ambayo fundi alikuwa na diski yake. Mafundi wana neno lao la kazi ya kuweka Windows, kupiga windo, nalo lina sauti ya kupiga pasi au kupiga rangi: kazi ya mchana mmoja, yenye bei inayojulikana, ambayo baada yake chombo kinang'aa. Aghalabu windo iliyopigwa haikuwa imelipiwa huko Marekani. Hiyo nayo iliamua mashindano, maana mpinzani aliyejisifu kwamba anatolewa bure hakuwa na cha kumshinda aliyekwisha kuwa wa bure mtaani.

Mpinzani huyo alikuwapo, tena alikuja akizungumza Kiswahili. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, alitoa mfumo endeshi wa Linux, na watu wa dunia nzima wakaiendeleza kwa ubia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandika barua na kupanga hesabu ambayo menyu zake zilikuwa za Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Haukupita muda mrefu Microsoft nayo ikaleta vifurushi vya Kiswahili vya Windows na Office. Kwa kipindi kifupi lugha ya Watanzania ikawa uwanja wa ushindani wa kampuni kubwa kuliko zote.

Kwa mkoa wa Mwalimu, aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, mtu angetegemea menyu hizo zipokewe kwa vigelegele. Hazikupokewa hivyo. Mwalimu wa kompyuta alikuwa amejifunza kwa Kiingereza, mtihani uliuliza kwa Kiingereza, na fundi alijua kitufe kwa mahali kilipo na si kwa jina lake. Watu walikuwa wamekwisha kujitengenezea Kiswahili chao: kusevu, kuprinti, kukopi, kutaipu. Menyu iliyosema hifadhi iliwapoteza wenye lugha yao.

Linux yenyewe ilikwamishwa na barabara. Ubuntu, toleo lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, lilituma diski za bure kwa posta popote duniani mpaka mwaka 2011, na bahasha hizo zilivuka mipaka mingi. Lakini mfumo ule ulitegemea intaneti kwa programu na marekebisho. Kabla ya nyaya za baharini kufika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ya mikoani ilipita kwenye setilaiti na kuuzwa kwa dakika. Windows ilisafiri kwa njia iliyokuwapo: diski mfukoni, baadaye flashi shingoni. Flashi hizo zilibeba pia virusi, na kwa miaka kadhaa sehemu nzuri ya kipato cha fundi ilitokana na kuviondoa. Mfumo ambao usingeugua ungemnyima riziki, na yeye ndiye aliyekuwa mshauri.

Kisha serikali, iliyowahi kufunga mlango, ikawa mchaguzi mkubwa kuliko wote. Butiama ilipokuwa wilaya kamili katika mgawanyo wa wilaya wa muongo wa 2010, halmashauri yake mpya ilikuta kazi za ofisi zimekwisha kuhamia kwenye kompyuta. Mhasibu wa halmashauri hakuulizwa anapenda mfumo gani. Alikuta Epicor, programu ya hesabu iliyokaa juu ya Windows, na kompyuta zikanunuliwa kuifuata. Lakini kuanzia 2017, ilipozinduliwa mifumo ya FFARS na PlanRep kwa ajili ya mipango na hesabu za vituo vya chini, mambo yaligeuka. Mifumo hiyo hufunguliwa kwenye kivinjari. Mwalimu mkuu wa kijijini anaweza kujaza matumizi ya shule kwa laptopu yoyote, na mzabuni wa Bunda anayeomba kazi kupitia NeST, mfumo wa zabuni za serikali ulioanza 2023, haulizwi ndani ya mashine yake kuna nini. Kile kilichogawa dunia makundi mwaka 1984 kikawa jambo la pembeni.

Simu ndizo zilizomaliza kazi hiyo. Wengi wa Mara walimiliki kompyuta yao ya kwanza ikiwa Android ya bei nafuu, na Android moyoni ni Linux. Kwa hiyo mfumo ulioshindwa kwenye meza ya fundi uliingia mifukoni bila kujitambulisha. Mfano wake unaogusa zaidi uko kwenye mapambano dhidi ya ukeketaji. Rhobi Samwelly, mwanzilishi wa shirika la Hope for Girls and Women, anaendesha nyumba salama Mugumu na nyingine wilayani Butiama. Usiku wa kumwokoa msichana, tatizo la kwanza lilikuwa kwamba kijiji chake hakikuwa kwenye ramani. Mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, uliwaalika watu wa nchi nyingi kuchora nyumba na njia kutoka picha za setilaiti katika OpenStreetMap, ramani isiyo na mwenyewe, nao wenyeji wakaongeza majina ya vijiji, shule na zahanati kwa simu zao. Ramani hiyo hupakuliwa mapema na kufanya kazi hata pasipo mtandao. Waokoaji hawakuichagua kwa itikadi ya programu huria. Waliichagua kwa sababu wao wenyewe wangeweza kuijaza.

Kompyuta ya mezani haikufa, hata hivyo. Inaishi steshenari, mahali ambapo mwanafunzi wa kidato cha sita huenda kuomba mkopo wa elimu ya juu na mkulima huenda kuchapisha mkataba wa shamba. Mashine nyingi humo zimekuja mitumba, zimestaafu ofisi za Ulaya au Ghuba, na ubavuni bado zina kibandiko cha Windows 7 huku ndani zikiwa na 10. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Nchini siku hiyo ni mapumziko, Siku ya Nyerere. Windows 11 inadai chipu ya ulinzi na vichakato ambavyo mashine hizo za zamani hazina, kwa hiyo mwenye steshenari ana njia tatu: kuendelea na ya zamani bila kinga, kumwomba fundi amlazimishie mpya kwa mlango wa nyuma, au kuweka Linux, ambayo sasa intaneti ya kuisasisha ipo.

Swali hilo limerudi palepale lilipoanzia, kwenye meza yenye bisibisi na kopo la maziwa, na mwenye steshenari anamngoja fundi aseme yeye anaijua ipi.