Mali kauli

Mali kauli ni bidhaa anayopewa mchuuzi bila kulipa papo hapo, kwa ahadi kwamba ataleta fedha akishauza. Maneno yote mawili yametoka Kiarabu. La pili ndilo lenye uzito, maana kinachowekwa rehani ni neno la mtu. Benki hutaka dhamana ya nyumba au kiwanja, ilhali hapa mara nyingi hata risiti haiandikwi.

Kariakoo, Dar es Salaam, machinga huchukua dazeni ya mashati asubuhi, na jioni humrudia mwenye duka na fedha, au na mashati yaliyobaki. Mtihani uko hapo katikati. Noti zilizojaa mfukoni si zake zote: bei ya jumla ni ya tajiri, chake ni cha juu tu. Akizila zote kwa chipsi na vocha, kesho hapewi, na habari huvuka haraka hadi duka la jirani. Anayelipa kwa wakati huongezewa mzigo: dazeni mbili, tatu, pengine belo zima. Wengi hujifunza kutenganisha fedha hizo kwa mifuko miwili ya suruali, kabla hawajawahi kushika daftari la hesabu.