Kibali cha kukamatwa

Magazeti ya Kenya huandika "kibali cha kukamatwa". Ya Tanzania, "hati ya kukamatwa". Hati inaeleweka upesi zaidi, maana kibali watu wamezoea kukiomba: cha kujenga, cha kusafiri.

Kibali cha kukamatwa hutolewa na hakimu mshtakiwa asipofika kortini, na hakina tarehe ya kuisha. Kwa sheria ya Kenya hudumu hadi kitekelezwe au mahakama iliyokitoa ikifute. Mfugaji wa Turkana aliyehamia malishoni siku ya kesi anaweza kukamatwa miaka baadaye, kwenye kizuizi cha polisi. Heri aende mwenyewe kwa karani wa mahakama na nambari ya kesi, faili ifikishwe kwa hakimu, aeleze kilichomzuia. Hakimu akiridhika, hukiondoa; asiporidhika, dhamana huweza kutwaliwa.