Mtiifu wa kuogopwa: kutoka HAL 9000 hadi Operesheni Dodoma

Katika filamu ya 2001: A Space Odyssey (1968), kompyuta HAL 9000 inawaua wanaanga iliopaswa kuwahudumia. Haiwachukii. Imeshika tu kwamba safari ni muhimu kuliko wasafiri. Kwangu mimi, adui wa kutisha kuliko wote katika hadithi za kisayansi ndiye huyu: mtiifu aliyesahau anamtumikia nani.

Sisi wa Ihumwa hatuhitaji chombo cha anga kumtafuta. Mwaka 1971 serikali ilianzisha Operesheni Dodoma. Ukame ulikuwa umewaumiza watu, na nia ilikuwa njema kabisa: Wagogo waliotawanyika na mifugo yao wakae pamoja, wapate maji, shule na zahanati.

Februari mwaka huohuo TANU ilitoa Mwongozo, ukikataza viongozi kuwa na majivuno na kuonea watu. Sasa, mtendaji mwenye lori na tarehe ya mwisho alimsikiliza nani? Aliyemtuma. Mkubwa alitaka idadi ya kaya zilizohamishwa. Hakuna aliyeulizwa kama mzee ameridhika kuliacha tembe lake. Novemba 1973 Nyerere alipotangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, kasi ikazidi. Sehemu kadhaa nchini nyumba zilichomwa moto ili watu wasirudi. Wengine walijikuta mbali na mashamba yao, katika nchi yenye mvua za kubahatisha.

Kule Isimani, mkoa jirani wa Iringa, siku ya Krismasi 1971, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Klerruu. Mwamwindi naye alinyongwa. Klerruu hakuwa fisadi. Alikuwa msomi aliyekiamini chama chake. Hapo ndipo panapouma: mwizi unaweza kumkamata, lakini mtu anayeamini anakutendea wema utamzuiaje?

Kezilahabi aliligusa suala hili la kuhamishia watu vijijini mapema, katika Gamba la Nyoka (1979). Riwaya ile isomwe tena, hasa sasa ambapo wizara zimejengwa Mtumba, jirani zetu kabisa.

HAL alizimwa kwa mkono wa mwanaanga mmoja aliyebaki hai. Serikali haina swichi ya namna hiyo. Ina mtendaji tu, anayeweza kumrudia bosi wake na kumwambia: mkuu, watu hawajakubali.