Kunasa skrini ya kompyuta ya kiganjani kwa skripti

Kunasa skrini kwa skripti ni kunakili kinachoonekana kwenye kioo cha kifaa cha kiganjani kwa amri zinazotoka kwenye kompyuta ya mezani. Wanaoihitaji kazi hii zaidi ni waandishi wa miongozo ya matumizi na watengeneza programu, maana kioo kikipigwa picha kwa kamera huonyesha mng'ao wa taa na alama za vidole.

Vifaa vilivyoendeshwa na Linux, kama Zaurus SL-5500 ya kampuni ya Sharp ya Japani (2002), viliirahisisha kazi hii. Kinachoonyeshwa kwenye kioo hukaa katika sehemu maalumu ya kumbukumbu, nayo Linux huiweka wazi kama faili, /dev/fb0. Skripti huingia kwenye kifaa kupitia mtandao au kebo, husoma faili hilo, kisha huunda picha. Zaurus hiyo ina pikseli 240 kwa 320, kila moja biti 16: nyekundu 5, kijani 6, buluu 5. Kijani kimependelewa kwa kuwa jicho la binadamu hutambua tofauti zake vizuri zaidi. Jumla ni baiti 153,600, wala ndani yake hamna panapotajwa upana wa picha au mpangilio wa rangi. Skripti isiyoambiwa hayo hutoa vurugu ya rangi tu.

Kwenye simu za Android, kunasa kwa vitufe kulikuja na toleo la 4.0 mwaka 2011. Kabla yake watu wengi walitegemea kompyuta. Leo programu ya adb huiagiza simu iendeshe programu yake ya screencap na kutuma picha ya PNG kwa kebo ya USB. Kunasa kwenyewe si kazi. Kazi ni kuifikisha picha salama. Amri ya kawaida ya adb, kwenye simu za zamani, iliichukulia picha kama maandishi: kila baiti yenye thamani 10, alama ya mwisho wa mstari, ilitanguliziwa nyingine yenye thamani 13, na picha ikaharibika. Waliobuni PNG walishaihofia hila hiyo, ndiyo maana baiti 8 za mwanzo wa faili zina 13 na 10 pamoja, kisha 10 peke yake, ili uharibifu ugundulike mapema. Skripti za zamani zilizifuta baiti zilizozidi. Za sasa hutumia amri ya adb iitwayo exec-out, isiyogusa kitu.

Madirisha yaliyolindwa na programu yenyewe, kama ya baadhi ya benki, hutoka meusi au hukataa kunaswa, hata amri itoke kwenye kompyuta.