Ada Iliyotoka Tanuruni

Nilipochaguliwa kidato cha tano, baba alichoma matanuru matatu ya mkaa nje ya Ngerengere. Magunia yakapanda lori kwenda Dar es Salaam, nami nikapanda basi kwenda shule. Leo nasomea uzamili wa historia, na mada yangu ni misitu.

Zipo nchi zilizokata misitu ikakaribia kwisha, kisha ikarudi. Mwaka 1992 mwanajiografia Alexander Mather aliyaita mabadiliko hayo mpito wa misitu. Mfano maarufu ni Ufaransa. Sheria ya Misitu ya 1827 iliwabana wanakijiji kuchunga na kuokota kuni kama walivyozoea. Huko Ariège, kuanzia 1829, wanaume walivaa mavazi ya kike, wakaficha nyuso zao na kuwafukuza walinzi wa misitu. Baadaye serikali ilipanda miti milimani, lakini kilichosaidia zaidi ni kwamba makaa ya mawe yalichukua nafasi ya kuni, na ajira za mijini zikawavuta vijana. Mashamba ya miteremkoni yakaachwa, miti ikaota yenyewe.

Kwetu, mwaka 1950 Waingereza walianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Ili kuzuia mmomonyoko, Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na udongo wenye rutuba ukafukiwa chini ya udongo usiozaa. Julai 1955 watu wa Matombo walipinga. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa.

Ariège na Matombo walikataa amri ile ile. Tofauti ni kwamba Mfaransa alipata pa kwenda. Mluguru alibaki na jembe lake.

Sasa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono: miti yetu inakatwa kwa ajili ya sufuria za Dar. Lakini gesi inamfikiria anayepika. Anayechoma mkaa atakula nini?

Likizo iliyopita nilikwenda na baba palipokuwa na tanuru langu. Visiki vya miombo vilikuwa vimechipua, machipukizi yamenipita kimo. Nikamwambia tukiyaacha, msitu utarudi. Baba akashika shina moja, akalipima kwa kiganja.

"Mdogo wako anaingia kidato cha tano mwakani," akasema. "Ada imefutwa, sawa. Godoro, sare na nauli je?"

Sikuwa na jibu la kitabuni.