Boksi la Besi Lilipata Wapi Hesabu Yake?

Wadau, kabla fundi hajakata mbao ya boksi la besi la gari lako, soma hii. Mwaka 1932 Albert Thuras wa Bell Labs, Marekani, alipata hataza ya boksi lenye tundu. Hata hivyo ukubwa wake ulibaki kazi ya kukisia. Mwaka 1961 Neville Thiele, mhandisi wa Australia, alionyesha kuwa spika ndani ya boksi hufuata hesabu ileile ya vichujio vya umeme. Richard Small akaiendeleza miaka ya 1970. Ndiyo maana spika huja na Fs, Qts na Vas. Programu ya bure huzigeuza kuwa lita za boksi. Fundi akiuliza, "Kubwa ama dogo?" mpe namba hizo, usichome pesa.